Neno "Mpaka" na Maji ya Nyasa



Katika lugha yetu liko neno moja ambalo hapana mtu apitishaye siku bila ya kulitamka. Mvuvi wa Nungwi hulisema, karani wa Forodhani hulisema, na bibi auzaye mihogo hulisema kabla jua halijapanda. Neno hilo ni mpaka. Twasema, "Nilimngoja mpaka adhuhuri." Twasema, "Alikwenda kwa miguu kutoka Darajani mpaka Mwanakwerekwe." Kisha, kwa ulimi ule ule, twasema, "Mnazi huu ndio mpaka wa shamba langu na lako." Ni neno moja lenye milango miwili. Mlango wa kwanza watufikisha mahali au wakati. Mlango wa pili watuzuia.

Leo twataka kulifuata neno hili katika magazeti ya zamani, na twataka kulifuata mbali na visiwa vyetu, huko pwani ya Ziwa Nyasa, upande wa Mbinga na Mbamba Bay, katika mkoa wa Ruvuma. Najua baadhi yenu mtauliza: Nyasa yatuhusu nini sisi watu wa kisiwani, ambao mambo yetu wenyewe hayajatushinda kwa uchache? Jawabu lipo, nalo limeandikwa na kutiwa saini. Nakuombeni mstahamili kidogo, tutalifikia.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Mpaka lina ndugu yake, naye ni kitendo kupakana. Nyumba yangu yapakana na yako. Shamba la huyu lapakana na la yule. Hapana lugha ya Kiswahili itakayomruhusu mtu kupakana peke yake. Ile -na ya mwisho ni shahidi, kama ilivyo katika kusaidiana, kuoana na hata kupigana: yatakikana wawili. Basi wazee waliotuachia lugha walikwisha kutuambia kuwa mpaka ni jambo la watu wawili, na kwamba mmoja hawezi kuuweka na kuumiliki huku mwenzake akiutazama.

Huko Mbinga watu wameliishi jambo hili kwa jembe. Katika milima ya Wamatengo ardhi tangu zamani hugawanywa kwa ntambo. Ntambo ni mgongo wa mlima uliozungukwa na vijito, na ukoo mmoja hukaa hapo ukalima kwa ngoro, yaani vishimo vilivyopangwa mtelemkoni kama sega la nyuki. Majani hulazwa kwa mistari inayokatana, yakafunikwa udongo, mbegu ikapandwa juu ya matuta hayo, na maji ya mvua yakanaswa vishimoni badala ya kuteremka na rutuba yote bondeni. Yeyote aliyeona mlima uliolimwa kwa ngoro hatasema tena kuwa Mwafrika alifundishwa kuhifadhi ardhi na bwana shamba wa kikoloni. Lakini nilitaka kusema juu ya vijito. Huyu hulima upande huu, na yule upande ule, na kijito kimo katikati. Kijito ndicho mpaka, na kwa kuwa ndicho mpaka, hakina mwenyewe mmoja.

Sasa tuyafungue magazeti. Magazeti ya Kiswahili yana umri mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Msimulizi lilianza kutolewa hapa Unguja mwaka 1888, likichapwa na wamisionari wa Kiungani. Mambo Leo la Serikali ya Tanganyika lilianza Dar es Salaam mwaka 1923. Katika maandishi ya wakati wa Msimulizi, pale ambapo sisi leo twasema mpaka kwa maana ya kufikia, mara nyingi utakuta hatta, kwa t mbili: walisafiri hatta jua likachwa. Polepole mpaka likaitwaa kazi hiyo, na hata likabaki na kazi nyingine. Na gazeti la zama hizo, lililojaa khabari za safari, za mvua, za mavuno na za mashauza ya shule, lisingeweza kwenda bila ya mpaka ya namna hii. Mtu alitoka Songea mpaka Liuli kwa miguu. Mahindi yalikawia mpaka mwezi wa Mei. Neno lilikuwa msafiri. Lilibeba mzigo, likavuka mito, likafika.

Mpaka ule wa mlango wa pili, mpaka wa kuzuia, haukuzaliwa katika magazeti. Ulitoka Berlin. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa kugawana nchi ambazo wengi katika waliotia saini hawakupata kuziona. Walipofika Ziwa Nyasa waliandika kuwa mstari utafuata ufuko wa ziwa, upande wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi, mpaka penye mdomo wa mto Songwe. Zingatieni kuwa hawakusema katikati ya maji. Walisema ufuko. Mjerumani akapewa mchanga, Mwingereza akapewa maji. Mtu wa Liuli aliyeshuka asubuhi kunawa uso alikuwa amesimama katika milki ya Kaisari, na maji aliyoyachota kiganjani yalikuwa ya Malkia wa Uingereza.

Na hapa ndipo jawabu langu kwa wanaouliza Nyasa yatuhusu nini. Mkataba huo ndio huu tunaousikia tangu shuleni kwa jina la Heligoland. Ndani yake Mjerumani alikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Mwingereza, na Mwingereza akampa Mjerumani jabali moja dogo la Bahari ya Kaskazini. Pwani ya bara iliyokuwa ya Sultani mkabala wetu ikaingia mikononi mwa Wajerumani kwa malipo ya marki milioni 4. Basi karatasi iliyomnyima Mnyasa maji yake ndiyo karatasi iliyomtia Mzanzibari chini ya himaya. Kalamu ilikuwa moja, wino ulikuwa mmoja, na sisi na wao hatukuulizwa. Watu wa Mbamba Bay ni ndugu zetu wa karatasi, kama hatukuwa ndugu kwa jambo jingine.

Tena sisi tulikwisha kuonja mpaka unaopimwa kutoka majini kabla yao. Mwaka 1886 mataifa hayo mawili yalikubaliana kuwa milki ya Sultani katika bara itakuwa maili 10 tu, zikihesabiwa kutoka mahali maji ya bahari yanapojaa. Wazee wetu walibaki na Mwambao wa kupima kwa kamba, na jambo hilo halikwisha mpaka Oktoba 1963, Mwambao ulipokabidhiwa Kenya. Mtu anayeweka mpaka wake penye ukingo wa maji ni mtu ambaye hakusudii kukaa hapo.

Turudi ziwani. Katika Agosti 1914 vita vikuu vilipoanza Ulaya, khabari zilimfikia kwanza Mwingereza. Nahodha wake, Rhoades, alikuwa na meli iitwayo Gwendolen. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa na Hermann von Wissmann, nayo wakati huo ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa huko Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali la pale lenye sura ya sanamu la Misri. Wawili hawa walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Rhoades alifika, akapiga mzinga. Berndt akatoka kwa mashua ndogo, amekasirika, akimuuliza rafiki yake kama amelewa. Hakuwa na khabari ya vita. Akashikwa. Magazeti ya London yakalishangilia jambo hilo kama ushindi wa manowari, na watu wakaenda kutafuta Nyasa katika ramani.

Kisa hiki huchekesha, na ni kweli chachekesha. Lakini kina swali ndani yake. Ikiwa mpaka ulikuwa ufukoni, meli ya Mjerumani ilikuwa ikifanya nini majini kwa miaka ishirini na zaidi? Wanaoutetea mkataba watajibu kuwa ruhusa ya kupita na kufanya biashara ilikubaliwa kwa wote, na jawabu hilo si la kudharauliwa. Hata hivyo, latuonyesha kuwa waandikaji wenyewe walijua kuwa mtu hawezi kukaa penye ziwa akazuiwa kuliingia.

Baada ya vita Tanganyika ikaangukia kwa Mwingereza, na Nyasaland ilikuwa yake tangu hapo. Mpaka ukalala. Mwenye nyumba mbili haoni haja ya kujenga ua katikati yake. Katika taarifa ambazo Serikali ya Kiingereza iliupelekea Ushirika wa Mataifa kuhusu Tanganyika, ziko za miaka ya 1920 na baada yake zinazoutaja mpaka kuwa katikati ya ziwa. Halafu mstari ukarudishwa ufukoni. Ulikwenda na kurudi ofisini, juu ya meza, na mvuvi wa Lituhi hakujua kuwa usiku amelala na nusu ya ziwa na asubuhi ameamka hana hata tone.

Wakati huo watu wenyewe walikuwa wakiishi kwa ramani nyingine. Wanyasa wa pwani ya mashariki na jamaa zao wa ng'ambo walisikilizana, walioana, waliuziana samaki na mitumbwi. Misheni ile ile iliyojenga kanisa la Mkunazini hapa mjini ilijenga kanisa kubwa katika kisiwa cha Likoma, na askofu wa Likoma ndiye aliyekuwa mkubwa wa makanisa ya Liuli na pwani ile yote mpaka mwaka 1952, upande wa Tanganyika ulipopewa dayosisi yake. Sisemi haya kwa ajili ya dini yoyote. Nasema kwamba mgonjwa, mwanafunzi na kasisi walivuka maji, na hapana aliyewaambia wamekwenda nchi za nje.

Sasa lifuatalo nataka lisomwe mara mbili. Mwaka 1954 Mwingereza na Mreno walikaa wakakubaliana juu ya sehemu ya ziwa inayopakana na Msumbiji. Mpaka ulikuwa ufukoni hapo pia, tangu mkataba wao wa 1891. Wakauondoa ufukoni wakauweka katikati ya maji, na visiwa vya Likoma na Chizumulu vikabaki kuwa vya Nyasaland, vikiwa ndani ya maji ya Msumbiji. Kwa hiyo Mreno, mkoloni asiyependwa na mtu, alipata nusu ya ziwa mbele ya pwani yake. Lakini Tanganyika, iliyokuwa amana ya Umoja wa Mataifa mikononi mwa Mwingereza huyo huyo, haikupata kitu. Mvuvi akitoka Mbamba Bay akaelekea kusini akaipita Chiwindi, atatoka mahali ambapo ufuko ndio mpaka, akaingia mahali ambapo mpaka umo katikati ya maji, na samaki hawajui tofauti. Huu ndio ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba mstari ule si jiwe. Ulisogezwa mara moja kwa mapatano ya wawili, na waweza kusogezwa tena.

Lakini gazeti la chama halina haki ya kuwaeleza wanachama nusu ya khabari. Tanganyika ilipokwisha kupata uhuru, mwaka 1962, Serikali yenyewe iliulizwa katika Bunge juu ya ziwa hili, na jawabu lake lilikuwa kwamba hapana sehemu ya Ziwa Nyasa iliyomo ndani ya mipaka ya Tanganyika. Tena mwezi wa Julai 1964, katika mkutano wa wakuu wa Afrika huko Cairo, Tanzania ya leo ilikuwa mbele katika kupitisha azimio kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru wake. Haya mawili Malawi huyashika kwa mikono miwili, nasi tungekuwa mahali pao tungeyashika vile vile. Anayeyasoma magazeti yetu ya bara juu ya jambo hili mara chache sana atayakuta yakitajwa. Huona mpaka, huona madai, huona ramani, lakini 1962 haimo. Mtu akikuficha hoja ya mwenzake ujue hakuamini kuwa waweza kuishinda.

Mwaka huo wa 1964 una jambo ambalo kila nikilifikiria hunisikitisha. Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje upande wetu alikuwa Oscar Kambona, mtoto wa pwani ile ile, aliyezaliwa karibu na Mbamba Bay. Malawi ilipopata uhuru tarehe 6 Julai, Waziri wao wa Mambo ya Nchi za Nje alikuwa Kanyama Chiume, mtu wa upande wa Nkhata Bay, mkabala wake, aliyelelewa na kusomeshwa Tanganyika na aliyekijua Kiswahili kama sisi tukijuavyo. Watoto wawili wa maji mamoja, kila mmoja pwani yake, wameshika kalamu wakati mmoja, wala hawakuhitaji mkalimani! Ikiwa kulikuwa na majuma ambayo neno hili lingeweza kuzungumzwa kwa maana yake ya asili, ya kupakana, yalikuwa majuma hayo. Kabla mwezi Septemba haujaisha Dkt. Banda alikwisha kumfukuza Chiume na wenzake, na wengi wao wakakimbilia Tanzania. Kambona naye aliondoka nchini mwaka 1967 kwenda uhamishoni. Ng'ambo zote mbili zilibaki na wakubwa waliotoka mbali na ziwa.

Mwanzo wa 1967 Serikali ya Tanzania iliiandikia Malawi kwamba mpaka ni katikati ya ziwa. Mwezi Mei Mwalimu Nyerere akalitangaza jambo hilo hadharani. Mwezi Juni Banda akalikataa katika Bunge lake, na mwezi Septemba 1968 akazidi: akadai kuwa nchi za Malawi za asili zafika mbali ndani ya Tanzania, Zambia na Msumbiji. Kwa maneno mengine, aliyeambiwa agawe maji alijibu kwa kudai nchi kavu. Huko Mbamba Bay watu walikuwa wanasikia hayo yote huku Mreno akiwa na manowari zake ziwani upande wa Metangula, na vita vya kuikomboa Msumbiji vikiendelea mlangoni pao. Neno mpaka halikuwa tena la wenye mashamba. Lilikuwa la wenye bunduki.

Kuanzia hapo, neno likaacha kusafiri. Hilo ndilo jambo ambalo msomaji wa magazeti ya kale na ya baadaye hataacha kuliona. Lilikuwa likifuatwa na mahali au wakati, kwa kuwa lilikuwa likienda. Sasa likaanza kutanguliwa na maneno mazito: madai ya mpaka, suala la mpaka, na mwishowe mgogoro wa mpaka. Maneno haya matatu yameoana hata mwandishi akiandika la kwanza, la tatu huja lenyewe bila ya kuitwa. Na nchi mbili zenye "mgogoro wa mpaka" hazina kijito katikati. Zina ukuta ambao kila mmoja audai wake wote.

Mgogoro huo ulilala tena miaka mingi. Mwaka 2011 Malawi ikaipa kampuni ya Kiingereza, Surestream, kibali cha kutafuta mafuta na gesi upande wa mashariki wa ziwa. Mwaka 2012 Tanzania ikataka kazi hiyo isimame. Ghafula kila gazeti likawa na mpaka ukurasa wa mbele. Yakaandikwa maneno ya majeshi, ya utayari, ya kutokubali hata inchi moja. Kisha jambo likapelekwa kwa wasuluhishi, marais wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Bwana Joaquim Chissano wa Msumbiji, ambaye nchi yake ilikwisha kuipata nusu yake tangu mwaka ule wa 1954. Vikao vikafanyika. Magazeti yakanyamaza. Hapana mkataba uliotangazwa wala hukumu iliyosomwa.

Sisi hatujui kusoma ramani za mafuta, lakini twajua kusoma tarehe. Kuanzia 1968 mpaka 2011, watu wa pwani ile walivua mbasa na dagaa, walizama kwa dhoruba, walingojea meli isiyofika, na hawakupata ukurasa wa mbele. Ukurasa wa mbele ulikuja na harufu ya mafuta. Hapo ndipo wakubwa walipokumbuka kuwa kuna wananchi wanaoteka maji pale, na wakawatumia wananchi hao kuwa hoja.

Na kuna jambo jingine ambalo mwandishi wa habari akiwa Dar es Salaam au Lilongwe halijui, kwa kuwa yeye ufuko auonao ni wa ramani. Ufuko hautulii. Kwa miaka kama ishirini tangu 1915 maji ya Nyasa hayakutoka kwa mto Shire kama yatokavyo siku zote, na ziwa likapanda mita kwa mita. Mwaka 1980 au karibu yake lilipanda mno, likafunika nyumba na mashamba ya watu wa kando yake. Sasa tuuchukue mkataba wa Berlin kama ulivyoandikwa. Ikiwa mpaka ni ufuko, na ufuko umeingia ukumbini kwa mtu, je, mtu huyo amehama nchi akiwa kitandani? Akiamka ale uji wake, alete hati ya kusafiria? Na maji yakishuka, mchanga uliotoka chini ya ziwa ni wa nani? Wanasheria watanicheka. Wacheke, lakini wao hawana kitanda pale.

Sasa niseme rai yangu, isije ikasemwa kuwa nimezunguka. Naona Malawi ina karatasi yenye nguvu, na naona Tanzania ina haki yenye nguvu, na hayo ni mambo mawili. Karatasi ya 1890 ni karatasi ya wezi wawili; lakini ndiyo hiyo hiyo iliyochora mipaka mingine ambayo Tanzania haitaki iguswe, na mtu hawezi kuitema upande mmoja wa mdomo na kuimeza upande wa pili. Njia ni ile iliyokwisha kutumiwa na Mwingereza na Mreno: wawili wakae, wapakane. Katikati ya maji, na kila mvuvi aruhusiwe kufuata samaki wake pande zote bila ya kushikwa, na chochote kitakachopatikana chini ya ziwa kisifunguliwe mpaka wote wawili wamekubali. Malawi yahofu kwamba ikikubali maji itakuwa imefungua mlango kwa madai mengine. Hofu hiyo Tanzania yaweza kuiondoa kwa kuandika kuwa haina dai jingine. Mbona halijaandikwa?

Tena nawaomba wenzetu waandishi wa magazeti makubwa jambo dogo lisilogharimu senti. Walirudishe neno katika mlango wake wa kwanza. Kila wanapoandika juu ya mpaka wa Nyasa na kuuliza uko wapi, waulize pia mpaka lini. Mpaka lini mkutano wa wasuluhishi utakuwa siri? Mpaka lini Serikali itaweka kabatini karatasi ilizozipeleka mbele ya Bwana Chissano, ilhali zimeandikwa kwa jina la wananchi? Wananchi wa Wilaya ya Nyasa, iliyokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012, mwaka ule ule wa kelele, wamejengewa barabara ya lami kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, nasi twafurahi kwa ajili yao. Lakini barabara hiyo yaishia penye maji, na maji yenyewe hawajaambiwa ni ya nani.

Sisi watu wa kisiwani hatuwezi kulisema jambo hili kwa kiburi. Tumezungukwa na maji pande zote, na kuna wanaotuuliza sisi nao bahari yetu yaishia wapi. Mtu wa namna hiyo akisikia kuwa mwenzake ameambiwa mpaka wake ni pale unyayo unapolowa, hawezi kugeuka upande wa pili akalala.

Makala haya yatasomwa matawini kabla ya mkutano wa mwezi ujao, na wenye rai iliyo mbali na hii wapewe nafasi yao. Mwanachama mwenye magazeti ya mwaka 1962, au ya 1967 na 1968, aliyoyahifadhi yeye au wazee wake, twamwomba ayapeleke kwa katibu wa tawi lake. Yatanakiliwa kwa uangalifu na kurejeshwa kwa mwenyewe, hata yakiwa yameliwa na mchwa.